Mtoro wa Kisima cha Tisa

Msiniulize nchi ya Nderemo iko wapi. Ukitoka kwenu asubuhi ukaona bango la Waziri akicheka, na chini ya bango hilo bomba lisilotoa maji, jua umeshaingia. Ni nchi nzuri, yenye amani nyingi mno, hata askari wamewekwa kila kona kuichunga isipotee.

Katika nchi hiyo, huko Ukingoni ambako ardhi yote ni chumvi na ramani ya taifa huishia kwenye alama ya kuuliza, aliishi mzee mmoja jina lake Obadia Sunzu. Aliishi peke yake. Jirani yake wa karibu alikuwa mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu, na jirani huyo naye alikuwa amehama. Mali yake ilikuwa mbuzi wanne, redio moja na kisima cha maji matamu. Kila jioni aliketi kando ya kisima akaimba nyimbo za ibada kwa sauti ya kwanza. Panapotakiwa sauti ya nne iingie, alinyamaza, akasubiri kadiri inavyostahili, kisha akaendelea. Mbuzi walishazoea.

Asubuhi moja, akiwa anakunywa uji, redio ikatangaza kuwa Wizara ya Kumbukumbu itaadhimisha Jubilei ya Miaka Hamsini ya Waumini wa Hiari, mashujaa arobaini waliokufa wote kwa risasi za adui wakiulinda mpaka. Ulikuwa mwaka wa hamsini na mbili, lakini kamati ya maandalizi ilikuwa imehitaji miaka miwili kukubaliana rangi ya sare za kamati. Majina yakasomwa. Namba kumi na saba: Obadia Sunzu. Kisha mtangazaji akawaomba wananchi, popote walipo, wasimame dakika moja kuwakumbuka marehemu.

Obadia alikuwa mtu mtiifu. Aliweka kikombe chini, akasimama, akajikumbuka.

Kufa hakukumuuma sana. Kwa mtu wa Ukingoni tofauti si kubwa. Kilichomuuma ni jina moja alilolisubiri mpaka namba arobaini, na lisisomwe.

*

Inafaa nieleze. Zamani hizo palikuwa na waumini walioitwa Ndugu wa Toba. Hawakunywa pombe, hawakuapa, hawakuinua mkono juu ya mtu, na waliimba asubuhi na jioni kwa sauti nne. Serikali iliwapiga marufuku kwa kosa la kuimba bila kibali, na vibali havikutolewa kwa watu waliopigwa marufuku. Wazee wao wakaenda kulia Ikulu. Ikulu ikawahurumia: leteni vijana arobaini wajitolee kulinda mpaka, na mmoja wa akiba, nasi tutawaachia mwimbe. Basi vijana arobaini na mmoja wakajitolea kwa hiari yao, majina yao yakiwa yameshaandikwa tangu juzi.

Walitembea siku sabini. Walipewa buti za mguu wa kushoto tu, za kulia zikiwa zimetengwa kwa awamu ya pili. Adui hawakumwona. Kwa miezi kumi na minne hakutokea mtu yeyote kutoka ng'ambo, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuja kuuliza kama wamemwona ng'ombe wake. Katika vita vyote ilipigwa risasi moja, nayo ikampata punda wa Kapteni aliyegeuka ghafla. Lakini kiu haikuwa na mzaha. Basi wakaweka bunduki chini wakashika sururu. Visima vinane vilitoa maji ya chumvi. Cha tisa ndicho alichoshuka Nahumu Kilave.

Nahumu alikuwa rafiki wa Obadia tangu utotoni. Sauti yake ilikuwa ya nne, nzito kama ngoma ya chini, na mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi, kwa hiyo alichechemea. Alijitolea kushuka yeye kwa sababu, alisema, kisimani hakuna mbio. Obadia alibaki juu ameshika kamba. Nahumu aliimba kule chini ili aliye juu ajue kwamba yu mzima.

"Maji, Obadia!" aliita ghafla. "Maji matamu, ndugu yangu!"

Ndipo ukuta wa mchanga uliposhuka. Obadia alivuta kamba mpaka ngozi ya viganja vyake ikabaki kwenye kamba. Kamba ilirudi nyepesi.

Karani wa kikosi alikuwa na daftari lenye safu mbili: Aliyeuawa na Adui, na Aliyetoroka. Alikuwa mtu mwema. Aligeuza daftari juu chini kutafuta safu ya Aliyefukiwa na Mchanga, asiione.

"Adui alikuwepo?" alimuuliza Obadia.

"Hakuwepo."

"Na Nahumu yupo kwenye paredi leo?"

"Hayupo."

"Basi unaona mwenyewe."

Siku ya tatu wenzake walimfukua wakambeba mpaka mbele ya karani, na karani akaeleza kwa huzuni kwamba daftari limeshapelekwa mjini. Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa akichechemea alivyoingia katika historia ya Nderemo kwa kukimbia.

Walimzika kando ya kisima, na kisima kikawapa maji. Kikosi kilipovunjwa wengine walirudi makwao, wakaoa, wakazeeka, wakafa mmoja mmoja kwa shinikizo la damu na magonjwa mengine ya heshima. Obadia alibaki. Hakuna aliyemwamuru abaki. Kila alipofunga mzigo wake aliona kama anaiachia kamba mara ya pili, akaufungua.

*

Sasa, baada ya tangazo la redio, aliwafungulia mbuzi, akapanda lori la chumvi, na siku ya tatu akafika mji mkuu. Wizarani walimpeleka kwa Mkurugenzi wa Mashujaa, Bi. Skolastika Vuai, mwanamke nadhifu mwenye meza kubwa isiyo na karatasi hata moja.

"Karibu, Mzee. Wewe ni ndugu wa marehemu yupi?"

"Marehemu ndiye mimi, mama. Obadia Sunzu. Namba kumi na saba."

Mkurugenzi hakushtuka. Aliinuka, akazunguka meza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, Mzee wangu. Wizara imeupokea msiba wako kwa masikitiko makubwa."

"Lakini sijafa."

"Nalielewa hilo, wala Wizara haikulaumu. Ila kamati iliona kuwagawa mashujaa, hawa hai, hawa wafu, ni ubaguzi. Tukawafanya wote sawa. Wenzako thelathini na tisa hawajaleta lalamiko lolote."

"Mimi pia silalamiki," alisema Obadia. "Niacheni hivyo hivyo nilivyokufa. Nimekuja kwa ajili ya Nahumu Kilave."

Bi. Skolastika alifungua droo, akatoa jalada, akalifunga upesi kama mtu aliyefunua chakula kilichochacha. "Huyu ni mtoro."

Obadia akamweleza. Alieleza kwa utaratibu, tangu kisima cha kwanza mpaka cha tisa, na alipofika kwenye kamba alionyesha viganja. Mkurugenzi alisikiliza yote, hata akapangusa jicho.

"Habari ya kusikitisha sana," alisema. "Bahati nzuri utaratibu upo. Watoro wana idara yao, jengo lile la pili. Mtoro anakuja mwenyewe, na picha mbili, anakiri kosa, anasamehewa. Haichukui hata saa nzima."

"Amezikwa, mama."

"Basi kiletwe cheti cha kifo."

"Cheti kinaandikwa kwa kufuata nini?"

"Kwa kufuata daftari la kikosi."

"Nalo linasema alitoroka."

"Ndiyo maana hawezi kupata cheti," alisema Mkurugenzi, akatabasamu kama mtu aliyemaliza kufunga zawadi kwa utepe.

"Basi nifuteni mimi, mwandikeni yeye. Mimi ni hai, nafasi ile siistahili."

"Majina yameshachongwa kwenye Jiwe la Mashujaa, na Jiwe haliguswi, Mzee. Isipokuwa likipishana na Daftari la Wananchi. Hapo kuna Kifungu cha Saba: Jiwe lifuate Daftari." Kifungu hicho kilitungwa mwaka juzi, Mheshimiwa Waziri aliyezaliwa akiitwa Matatizo Ndaro alipoamua kuitwa Utukufu Ndaro, na mawe yote ya msingi nchini yakalazimika kuchongwa upya. "Lakini wewe hilo halikuhusu," aliongeza, akampa kadi ya mwaliko. Juu yake paliandikwa: Familia ya Marehemu. Mtu mmoja.

*

Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya sherehe. Obadia hakuwa na mwenyeji mjini, basi akaenda kwenye hekalu la Ndugu wa Toba akidhani huko ndiko kwao. Hekalu lilikuwa la vioo, refu kuliko Wizara. Mlinzi alimwomba kitambulisho cha ushirika.

"Nilijiunga kabla ya vitambulisho," alisema Obadia.

"Basi ulijiunga mapema mno, Mzee," alijibu mlinzi kwa adabu, akamwonyesha benchi la nje.

Aliketi benchini akasikiliza. Wimbo aliujua, lakini ulitoka kwenye spika, sauti zote nne zimepangwa vizuri bila hata mmoja kukohoa, na waumini ndani wameketi kimya wakiusikiliza. Ni kwa ajili ya watu wale vijana walitembea siku sabini, ili waruhusiwe kuimba. Wimbo ulipoisha alipiga makofi mtu mmoja, kisha akanyamaza.

Kesho yake alikwenda uwanja wa sherehe. Huko waigizaji wa Taifa walikuwa wakifanya mazoezi ya Vita vya Siku Tatu. Mwanamume wa makamo mwenye kitambi alikuja kupumzika kando yake, jasho linamtiririka, kifuani amebandika kibao: OBADIA SUNZU, 17.

"Shikamoo, Mzee. Wewe ni wa huko mpakani, eti? Huyu Obadia ulimjua?"

"Marahaba. Nilimjua kidogo."

"Nisaidie basi. Nimeambiwa nife kishujaa, lakini sijui alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mkali? Mcheshi?"

Obadia alifikiri. Hakuwa ameulizwa swali hilo maishani mwake. "Alikuwa anashika kamba," alisema mwishowe.

"Kamba ya nini?"

"Ya mwenzake."

Mwigizaji alingoja hadithi iendelee, na ilipokosa kuendelea akafuta uso kwa kofia. "Haitaonekana vizuri kutoka jukwaa la Waziri," alisema kwa masikitiko. "Nitakufa tu na bendera." Akaitwa, akaenda, akafa mara tatu mfululizo mpaka mwelekezi akaridhika. Kila mara alipoanguka wasaidizi walikibandua kibao chake na kukibandika upya, maana gundi ilikuwa mbovu. Obadia alikitazama kile kibao kikibanduliwa na kubandikwa, akasimama ghafla, akauliza njia ya kwenda Ofisi ya Daftari la Wananchi.

*

Ofisi ya Daftari ilikuwa chini ya ngazi, chumba chenye dirisha moja na karani mmoja, Bi. Mwanaheri, aliyekuwa akinywa chai ya tangawizi. Obadia alisema anataka kubadili jina.

"Jina la sasa?"

"Obadia Sunzu."

"Jina jipya?"

"Nahumu Kilave."

Bi. Mwanaheri aliandika. "Sababu?"

"La zamani limekufa, mwanangu. Lilitangazwa redioni."

Karani aliinua macho. Pengine ndiye mtu wa kwanza mjini aliyemtazama usoni. "Na hili jipya umelipata wapi?"

"Lilikuwa la mtu. Halitumiki."

"Mzee wangu, keti." Alimsogezea kiti, akammiminia chai nusu kikombe. "Nikueleze kabla sijagonga muhuri. Ukibadili, la zamani linafungwa. Hospitalini, mahakamani, hata kaburini, hutaandikwa tena Obadia Sunzu. Mtu akikuita hivyo, kisheria anamwita mtu asiyekuwepo. Una watoto watakaokasirika?"

"Sina."

"Mke?"

"Sikuoa."

"Ndugu, rafiki, mtu yeyote anayekuita kwa jina hilo?"

Obadia alihesabu moyoni. Alianza na wazee wake, akaja kwa wenzake wa kikosi, akamfikia yule jirani aliyehama, ambaye alikuwa akimwita Babu tu. "Wa mwisho kuniita kwa jina hilo," alisema, "aliniita kutoka shimoni."

Bi. Mwanaheri alichukua muhuri. Kwa kawaida angetakiwa kuangalia kama jina jipya limo katika orodha ya watoro. Lakini orodha hiyo ilikuwa jengo la pili, na idara hizi mbili zilikuwa hazisalimiani tangu zilipogombania kabati. Akagonga muhuri wa kwanza, wa pili, na wa tatu.

"Haya, Mzee Nahumu," alisema taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenziwe. "Hongera. Au pole. Fomu haisemi ipi."

Barua ikapanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi wa Mashujaa: mwananchi aliye namba kumi na saba katika Jiwe sasa anajulikana kwa jina la Nahumu Kilave. Bi. Skolastika aliisoma, akaona mihuri mitatu, akafurahi kama mtu anayekutana na rafiki wa shule. Hakujisumbua kufungua droo. Kabla ya jioni mchonga mawe alikuwa ameshapanda ngazi yake na patasi.

*

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali na wageni rasmi walikuwa kivulini. Mheshimiwa Utukufu Ndaro alihutubia saa mbili na robo.

"Wananchi wa Nderemo! Adui alikuja kama nzige! Lakini waumini wetu, Kitabu mkono wa kulia, bunduki mkono wa kushoto, walipigana siku tatu bila kula, bila kunywa, na bila kuuliza maswali! Jenerali wa adui mwenyewe aliangushwa kwa risasi moja tu, akapiga ukelele uliosikika majimbo mawili!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mzee wa Ukingoni, aliyemkumbuka jenerali huyo kwa masikio yake marefu na kwato zake nne, aliinamisha kichwa.

Kisha pazia likavutwa na majina yakasomwa. Kumi na tano. Kumi na sita. "Namba kumi na saba," alisoma Waziri kwa sauti nzito ya kazi, "Nahumu Kilave, aliyesimama imara hata wengine walipotamani kukimbia!" Maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi. Waziri alikuwa akimwongezea kila shujaa sifa kadiri zinavyomjia. Watu elfu kumi wakapiga makofi. Mzee alitaka kupiga naye, lakini mikono ilikataa kuachana. Ilikuwa imefumbana magotini kama iliyoshika kitu.

Sherehe ilipokwisha wakubwa wakaingia mahemani kula, na wananchi wakaenda kusimama karibu na mahema. Jiwe likabaki peke yake. Yeye akabaki nalo. Ndipo alipokuja bibi mmoja amejifunga kitambaa cheupe kichwani, akipapasa maandishi kwa vidole.

"Kaka yangu, nisomee hapa. Macho yangu yamechoka. Nimesikia kwenye spika, lakini spika za serikali husema mengi."

"Namba kumi na saba. Nahumu Kilave."

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Mimi ni Tabitha, mdogo wake," alisema bibi yule. "Mama alifukuzwa ibadani kwa kuzaa mtoro. Miaka yote alikuwa akiwauliza: mtoro wa mguu gani? Mwanangu alikuwa anachelewa hata kufika kwenye chakula. Amekufa akiuliza."

Mzee alikuwa na maneno aliyoyabeba miaka hamsini na miwili. Mara nyingi aliyapanga vizuri, akiwaambia mbuzi. Sasa yalitoka ovyo. "Hakutoroka. Alishuka kisimani kututafutia maji. Akayapata, mchanga ukamwangukia. Mimi nilikuwa juu na kamba. Nilivuta, dada. Nilivuta, haikutosha."

Mahemani walikuwa wakigonga bilauri.

"Alikuwa anaimba?"

"Alikuwa anaimba."

"Sauti ya nne?"

"Ya nne."

Akaegemeza paji la uso kwenye jiwe, akakaa hivyo mpaka pumzi yake ikatulia. Alipogeuka uso wake ulikuwa umelowa lakini umenyooka. "Nakwenda kwenye kaburi la mama nikamweleze. Na wewe nikutaje nani, nimwambie nani kanipa ushuhuda?"

Mzee alifungua kinywa. Hakuogopa sheria. Lakini aliona kwamba akilitamka jina lake la zamani, Tabitha atauliza mbona lilisomwa redioni na halimo katika jiwe, na swali moja litazaa jingine. Mwishowe atajua kwamba taifa halikumsamehe kaka yake, wala halikumkumbuka, ila lilijaza fomu. Akaitazama ile furaha iliyochelewa, akaona ni kitu chepesi, kinavunjika.

"Mtaje aliyeshika kamba," alisema. "Inatosha."

"Basi Mungu akushike na wewe," alijibu Tabitha, akajitanda kitambaa, akaenda zake polepole, na hakugeuka nyuma.

*

Lori la chumvi liliondoka kesho yake kurudi Ukingoni. Kwa kuwa kule ni mpakani, sheria inamtaka dereva aandike majina ya abiria wote na kuyasoma kwa sauti kabla ya kuondoka, hata kama abiria ni mmoja. Dereva alikuwa mtu wa kufuata sheria. Alisimama mbele ya lori tupu, akashika karatasi kwa mikono miwili.

"Nahumu Kilave!"

Mzee aligeuka nyuma upesi kutazama. Barabara ilikuwa nyeupe, ndefu, haina mtu.

"Nahumu Kilave!" dereva alirudia. "Yupo au hayupo?"

"Yupo," alisema mzee, akapanda.